Shukrani za Abdul-Latif

Kufikia Ijumaa jioni Kawempe nzima, yaani ile Kawempe ambayo Halimah huipita akienda sokoni na kurudi, ilikuwa inajua kwamba mwanawe Abdul-Latif ameandika makala na kwamba makala hiyo inachapwa ng'ambo. Halimah hakutangaza. Yeye ni mjane wa swala zake na ushungi wake, hana tabia ya kujisifu. Alimwambia muuza mkaa tu, kwa sababu mkaa wa karama, ile karamu ya kushukuru, ulitakiwa uwe mwingi. Akamwambia mwenye mbuzi, kwa sababu mbuzi wa jambo kubwa hachaguliwi kama mbuzi wa mchuzi wa kawaida. Na akamwambia wifi yake Husnah, kwa sababu Husnah akishaambiwa, hakuna haja ya kumwambia mtu mwingine.

Lakini wa kwanza kabisa kuambiwa alikuwa jirani yake Lamwaka, aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua.

"Na jina lako limo," Halimah alimwambia. "Mwishoni mwa makala kuna mahali pa shukrani. Latif mwenyewe alinieleza. Wanaandikwa wote waliomsaidia."

Lamwaka aliacha shuka likining'inia nusu kwenye kamba. "Mimi? Kwenye karatasi ya Wazungu?"

"Wewe. Nani mwingine aliyezunguka naye kambi za Mbuya na Naguru kama askari anamsindikiza mahabusu?"

Lamwaka akacheka mpaka akashika kiuno. Ilikuwa kweli. Makala ya Abdul-Latif ilihusu wake wa wanajeshi na polisi, jinsi wanavyoendesha biashara ndogo waume wakipelekwa mbali. Wengi wa wanawake hao walizungumza Kiacholi, na Lamwaka ndiye aliyemtia mikononi mwao, akakaa naye vibarazani msimu mzima wa mvua, akimgeuzia kila neno kwa Kiswahili, meza yake ya kuuzia nyanya ikiwa imefunikwa turubai. Hakuomba kitu. Mume wake Saverio na marehemu mume wa Halimah walikuwa polisi pamoja, na mtoto wa nyumba ile alikuwa mtoto wa nyumba hii.

"Basi Jumapili nikitoka kanisani nakuja nimevaa," alisema Lamwaka. "Na mwalimu wa dini namleta. Aje asikie."

Sasa, karama ya Wanubi wa mtaa ule ina utaratibu wake, na anayeuvunja husemwa mpaka wajukuu. Chakula kikishapangwa mkekani, hakifunuliwi. Kwanza anayeshukuru anataja majina ya waliomsaidia, mmoja mmoja. Kila jina likitajwa, wageni huuliza kwa pamoja, "Kafanya nini?" Naye ataje alichofanya: alileta kuni, alipeleka mgonjwa, alitupatanisha. Hapo mwenye jina hujibu, "Nimeridhia." Wote wakisharidhia, sufuria zinafunuliwa. Aliyesaidia kisha asitajwe, huvaa ndara zake akaondoka kimya, na ukimya huo hauishi kesho wala keshokutwa.

Ndiyo maana Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, Halimah alimwita mwanawe amsomee.

*

Abdul-Latif alikaa na kompyuta yake mapajani. Alikuwa mwanamume mzima mwenye kitambi cha kuanzia, anafundisha chuoni kwa mkataba wa muda, na makala hii ndiyo ingemwingiza kwenye ajira ya kudumu. Jarida lilikwisha kumrudishia nakala ya mwisho akague makosa madogo. Jumatatu asubuhi ilitakiwa iwe imerudi kwao.

"Ni Kiingereza, mama."

"Kigeuze. Wewe si msomi?"

Akaanza kugeuza. Aliishukuru taasisi iliyomlipia utafiti. Alimshukuru Profesa Nabwire kwa mwongozo. Aliwashukuru wasomaji wawili wa siri wa jarida. Mwisho akamshukuru mama yake mzazi kwa dua.

Halimah alingoja. Abdul-Latif akafunga kompyuta.

"Endelea."

"Imeisha."

"Lamwaka je?"

Abdul-Latif alianza kufuta kioo cha simu yake kwa pindo la shati. "Mama, hizi shukrani za kitaalamu zina mambo yake. Huwezi kujaza majirani. Wataona kazi imefanyiwa jikoni."

"Ilifanyiwa jikoni. Nilikuwepo."

"Mama..."

"Nionyeshe mahali uliposema jinsi ulivyoongea na wale wanawake. Ndani, huko juu. Ulisema nini?"

Halimah alisoma shule ya msingi tu, lakini alikuwa amemlea mtu huyu na alijua sura yake anapokuwa amevunja kikombe. Abdul-Latif alifungua tena, akaukaribisha uso kwenye kioo, akasoma kwa haraka kama anayekunywa dawa: "Mahojiano yalifanywa na mwandishi, kwa Kiswahili na Kiacholi."

"Na mwandishi."

"Ndivyo wanavyoandika."

"Kwa Kiacholi."

"Mama, wale wa kamati ya ajira wakijua sijui lugha, wataniuliza ni utafiti gani nimefanya. Nikimwandika mama mdogo Lamwaka kwamba alitafsiri, watataka cheti chake cha ukalimani. Atakitoa wapi? Nimefikiri sana. Kesho nitamtaja kwa mdomo, mbele ya watu, vizuri kabisa. Nani pale atasoma Kiingereza changu?"

Halimah alivuta tasbihi yake, akasogeza punje kadhaa. Kukasirika kulimjia, akakurudisha kulikotoka, kwa sababu alikuwa na udhu. Akabaki na kitu kingine ambacho si hasira, na ambacho marehemu mumewe alikiogopa zaidi.

"Profesa wako anakuja kesho?"

"Anakuja."

"Kiswahili anakijua?"

"Ni mtu wa Busia, mama. Anakijua kuliko mimi."

"Mashaallah," alisema Halimah.

*

Jioni ile Lamwaka alikuja na gauni lake mkononi, la mabega yaliyosimama, kuuliza kama Halimah bado ana ile pasi ya mkaa, kwani umeme ulikuwa umekatika upande wao. Nyuma yake alikuja Saverio, mrefu, mstaafu, mikono nyuma kama yuko zamu.

"Mama Latif," alisema Saverio, "huyu bibi yangu tangu jana hapiki. Ananiambia mtu mwenye jina Ulaya hawezi kusonga ugali."

"Nyamaza wewe," Lamwaka alisema, lakini aliupenda utani ule, ilionekana. "Mwenzangu, nilitaka kuuliza. Wameandika Lamwaka peke yake, au Lamwaka Filda? Maana Lamwaka tuko wengi. Mwalimu wa dini ameniuliza nikashindwa kumjibu."

Halimah alikuwa anatia makaa kwenye pasi. Mwanamke wa dini hasemi uongo. Lakini hakuna aya inayomlazimisha kumaliza kila sentensi anayoianza.

"Kesho litasomwa, Inshallah," alisema, "na kama herufi yoyote..." Akapuliza makaa, majivu yakaruka, na wote wakarudi nyuma wakikohoa.

Walipoondoka alibaki ameshika pasi ya moto. Alijua kitakachotokea. Lamwaka hagombani. Lamwaka angeanika nguo zake kwenye ua uleule kila asubuhi, amsalimie, aulizie afya, na asiingie tena kwake bila kubisha hodi. Halimah alikuwa na ndugu wa damu wengi, na hakuna hata mmoja aliyeingia kwake bila hodi.

Akajifunika vizuri, akaenda kwa wifi yake.

"Husnah, kesho kwenye karama, wewe ndiye utakayeongoza kuuliza 'kafanya nini'."

"Mimi siku zote ndiye naongoza."

"Siku zote unauliza mara moja. Kesho, jibu lisipokutosha, uliza tena."

Husnah alimtazama wifi yake kwa furaha ya mtu aliyepewa kazi anayoiweza. "Banange," alisema. "Nani amefanya nini?"

"Kesho," alisema Halimah.

*

Jumapili baada ya swala ya adhuhuri ua ulijaa. Mikeka ilitandikwa, sufuria zikapangwa katikati zimefunikwa vikapu vya rangi: pilau, mbuzi, mkate mwembamba wa kisira na mchuzi wa bamia. Lamwaka alifika kutoka kanisani na mabega yake yaliyosimama, Saverio akiwa na tai, mwalimu wa dini akiwa na kiu. Profesa Nabwire, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kwa hilo tu wazee wakampenda.

Abdul-Latif alisimama. Alikuwa na kompyuta, lakini mfukoni, kwenye kipande cha karatasi, alikuwa na maneno yake mazuri ya mdomo.

"Bismillahi," alianza. "Wazazi wangu, mimi leo..."

"Kaa, mwanangu," alisema Halimah kwa upole mkubwa. "Utamchosha mgeni wetu? Umeandika kwa Kiingereza, na kukigeuza mwenyewe unaweza kujipunguzia au kujiongezea. Profesa ndiye mwenye kazi hiyo. Dada Profesa, utatusomea? Kama ilivyo tu. Neno kwa neno."

"Kwa heshima kabisa, Hajati," alisema Profesa, akanyoosha mkono.

Abdul-Latif aliishika kompyuta sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa kwa mtu asiye na neno. Kisha akaitoa, akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anapanga pindo la ushungi.

Profesa akavaa miwani. "Mwandishi anaishukuru taasisi iliyofadhili utafiti huu."

"Kafanya nini?" ua mzima ukauliza, Husnah akiwa mbele kama mwadhini.

Profesa alishtuka, akaelezwa utaratibu, akafurahi sana. "Ilitoa pesa."

"Nani anaridhia kwa niaba yake?" akauliza Husnah.

"Mimi naridhia," alisema Profesa. "Mimi ndiye niliyeziomba."

"Endelea, nyabo."

"Anamshukuru Profesa Nabwire kwa mwongozo. Kumbe nimo!"

"Kafanya nini?"

"Nilisoma rasimu zake, nikamwambia apunguze maneno."

"Akapunguza?" Husnah aliuliza tena.

"Nusu."

Watu wakacheka. "Nimeridhia," Profesa akasema mwenyewe, akaendelea. "Anawashukuru wasomaji wawili wa siri wa jarida."

"Kafanya nini?"

"Hao ni watu wanaopewa makala waipime, na mwandishi haambiwi ni kina nani. Mara ya kwanza waliikataa."

Vichwa vikageukiana juu ya mikeka.

"Ngoja," alisema Husnah. "Anawashukuru watu asiowajua?"

"Ndiyo."

"Kwa kumkataa?"

"Walimkataa kwa maelezo marefu," alisema Profesa, na mabega yake yalikuwa yameanza kutikisika.

"Kale, sawa! Latif, na yule binti wa Bombo aliyekukataa, yeye humwandiki?"

Hata mwalimu wa dini alicheka. Abdul-Latif alicheka pia, mdomo tu. Lamwaka alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, anangoja kama mtu anayesikia basi lake linapanda mlima.

"Na mwisho," alisoma Profesa, "mama yangu mzazi, kwa dua zake."

"Kafanya nini?" wakauliza, lakini kwa sauti za watu waliokwisha kunusa pilau, na mikono kadhaa ikaelekea kwenye vifuniko.

Lamwaka alisubiri kidogo. Alitazama mdomo wa Profesa. Mdomo haukufunguka tena. Akainua begi lake polepole, akaanza kutafuta ndara zake kwa mguu, bila kutazama chini, bila kutazama mtu.

"Mwisho?" Saverio aliuliza.

"Mwisho, mzee."

"Mama Latif!" Husnah aliita. "Sema umeridhia, pilau inapoa."

"Sijaridhia," alisema Halimah.

Mikono ikasimama juu ya vifuniko. Katika karama zote za mtaa ule hakuna aliyekumbuka kusikia neno hilo. Mzee mmoja alimuuliza jirani yake kama amesikia sawasawa.

"Ameniandika kwa dua," Halimah alisema. Hakupandisha sauti. "Ni kweli, niliomba. Nilimwomba Mungu ampe mtoto wangu mtu wa kumsaidia. Mungu akasikia, akampa. Mtu huyo alifunga meza yake ya nyanya, akatembea naye kwenye matope ya Mbuya, akamgeuzia maneno msimu mzima. Sasa dua imeandikwa, na jibu la dua halikuandikwa. Niridhie nini? Nitaonekana niliomba bure."

Profesa alivua miwani. "Akamgeuzia maneno?" Akamgeukia Abdul-Latif. "Humu ndani umeandika ulihoji mwenyewe kwa Kiacholi. Mimi nilidhani unakijua."

"Ninakielewa kiasi," alisema Abdul-Latif.

Saverio akasimama. Alirekebisha tai, akamkabili kijana kama kwenye gwaride, akammiminia Kiacholi kirefu, chenye maswali mawili ndani yake. Kisha akangoja.

"Apwoyo," alisema Abdul-Latif.

Wale waliojua Kiacholi wakaanguka mikekani kwa kicheko.

"Nimemuuliza," Saverio aliwafafanulia wengine, "kama yule mbuzi wao bado anakohoa, na kama ni halali kumla mbuzi mwenye kikohozi. Amenijibu asante. Mimi nilikuwa polisi, najua ushahidi. Hii imetosha."

"Neno moja tu la lugha yangu," Lamwaka alisema, na kicheko kikakatika, kwa sababu alikuwa amekwisha kuvaa ndara moja, "neno moja alilojifunza ni la kushukuru. Na hilo nalo halikunifikia." Akamtazama Abdul-Latif, si kwa ukali. "Mimi nilifikiri nimemsaidia mtoto wangu. Kumbe nilikuwa aibu yake."

Hapo Abdul-Latif akatoka alipokaa. Hakwenda mbele ya watu. Alikwenda chini, akapiga magoti mbele ya mkeka wa Lamwaka jambo ambalo vijana wa Kampala siku hizi husahau kuwafanyia wazazi wao, kitambi kikimsumbua.

"Mama mdogo, si wewe aibu. Niliogopa wataona sijui kitu."

"Na hujui," alisema Lamwaka.

"Sijui."

"Hata kuuliza ulikuwa hujui. Ulimuuliza mke wa koplo, mbele ya mama mkwe wake, anapata faida gani kwa wiki."

"Ndiyo."

"Nikakupa karanga ubambue."

"Ndiyo, mama mdogo."

Profesa akasogea karibu, kompyuta ikiwa mkononi. "Karanga zipi?"

"Alikuwa anauliza sana," Lamwaka alieleza, akigeuka kwake. "Akitoa simu ya kurekodi, wanawake wanakuwa mawe. Nikamwambia, wewe shika ungo, bambua karanga, nyamaza. Mwanamume anayebambua karanga haogopwi. Basi wakaanza kuongea wenyewe. Hayo yote aliyoandika yametoka kwenye karanga."

"Abdul-Latif," alisema Profesa taratibu, "una mbinu ya utafiti nzuri kuliko zote nilizosikia mwaka huu, na umeificha ukaweka uongo wa sentensi moja. Kamati itakusamehe kutojua lugha. Siku mtu mwingine akienda Mbuya, wale mama wakamwambia 'yule alikuja na mkalimani wake', hilo halisameheki. Bado hujairudisha?"

"Kesho asubuhi."

"Basi inarekebishwa sasa. Mbele ya pilau."

"Lakini itabidi nimwandikie mhariri nieleze."

"Utaandika. Na atakuuliza kama mwenye jina amekubali kutajwa. Hawachapi jina la mtu bila ruhusa yake."

Ua mzima ukamgeukia Lamwaka. Mguu mmoja ulikuwa na ndara, mwingine hauna.

"Bado nafikiri," alisema Lamwaka.

"Fikiri haraka, bambi!" mtu alilia kutoka nyuma. "Tuna njaa!"

"Yeye alifikiri msimu mzima. Mimi niacheni kidogo." Lakini Halimah, aliyekuwa anamtazama kwa pembeni, aliona kona ya mdomo wake, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. "Kale. Kwanza ni Lamwaka Filda. Pili, sitaki 'kwa msaada wake'. Msaada ni kubeba kiti. Aandike nilichofanya."

"Kafanya nini?" Husnah aliuliza papo hapo.

"Nilimpeleka kwa watu. Nikasema maneno yake kwao, na maneno yao kwake. Na nikamfundisha kunyamaza."

"La kunyamaza pia?" Abdul-Latif aliuliza.

"Hilo ndilo lililonichosha."

Profesa alikuwa anacheka huku akiamuru, Abdul-Latif anapiga herufi. Sentensi ya mahojiano ikafutwa, ikaandikwa nyingine, kwamba mwandishi alisikiliza kupitia kwa Bi Lamwaka Filda. Kisha ikaandikwa ya shukrani, na karanga zikaingia. Kila neno likasomwa kwa Kiingereza, likageuzwa, likapelekwa kwa Lamwaka. Mara mbili akalirudisha. Saverio alitaka iandikwe pia kwamba mume wa Lamwaka alikula ugali mkavu kipindi hicho chote. Ombi lake likakataliwa kwa kauli moja.

"Sasa soma zote," aliamuru Halimah, "mwenyewe, wima."

Abdul-Latif akasimama akasoma. Taasisi. Profesa. Wale wasiojulikana. Lamwaka Filda, aliyempeleka kwa watu, aliyebeba maneno huku na huku, aliyempa karanga za kubambua ili anyamaze na wengine waongee. Wanawake wakapiga vigelegele, mwalimu wa dini akapiga makofi peke yake mpaka akachoka.

"Nimeridhia," alisema Lamwaka, akaivua ile ndara moja.

"Na mama yangu, kwa dua zake."

"Nimeridhia," alisema Halimah. "Funueni."

"Bado kuna mstari mmoja, mama. Profesa ameniambia niuweke. Kila mtaalamu huuweka mwishoni, mimi niliuona hauna maana."

"Unasemaje?"

Abdul-Latif akasafisha koo. "Makosa yote yaliyobakia ni ya mwandishi peke yake."

Halimah na Lamwaka wakatazamana juu ya sufuria. Ikawa kama mtu amewaletea zawadi ambayo hawakujua kwamba huuzwa madukani.

"Hapo," alisema Lamwaka. "Hapo rudia. Kwa sauti, na huku nyuma wasikie."

"Makosa yote yaliyobakia," Abdul-Latif alirudia kwa sauti ya darasani, "ni ya mwandishi peke yake."

Halimah akainua viganja vyake mbele ya uso, akafumba macho, na ua mzima, Waislamu kwa Wakristo, ukafuata.

"Amin," akasema.